Kizuri Hakijiuzi Chenyewe

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii nimeisikia sokoni, harusini na ofisini, na kwa mambo mengi naikubali. Kwenye lugha za programu inagoma. Huko nimeona kizuri kikikaa miaka mingi bila kupata watu, na nimeona cha kawaida, chenye kasoro zinazojulikana na kila fundi, kikienea dunia nzima. Nimeishi kwa kuandika programu tangu mwishoni mwa miaka ya tisini. Nimebadilisha lugha kila kazi ilipodai, na sasa nafundisha vijana jioni, baada ya saa za kazi. Karibu kila mmoja huanza na swali lile lile: "Mwalimu, nijifunze lugha gani?" Ili kulijibu kwa haki, lazima kwanza ujue kwa nini lugha fulani imepata watu na nyingine haikupata. Hayo nimeyaona kazini, lugha moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ilikuwa Pascal. Tuliisoma chuoni Dar es Salaam, kwenye maabara yenye kompyuta chache na wanafunzi wengi. Nchi yetu ilichelewa kuzipata mashine hizi: mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na hata baada ya marufuku hiyo kulegezwa, vyuo vilichukua muda kupata vifaa. Mashine tulizozikuta zilikuwa zimeshatumika sana kabla ya kutufikia. Mhadhiri wetu alituandikia ubaoni sababu za kuanza na Pascal: kwamba ilitungwa na Niklaus Wirth, mwalimu wa chuo kikuu cha ETH, Zurich, ikatoka mwaka 1970, na kwamba nia yake ilikuwa kumzoeza mwanafunzi kufikiri kwa utaratibu. Sababu hizo zilikuwa za kweli. Lakini kilichoifikisha Pascal mezani kwetu kilikuwa kitu kingine, na kilienea kwenye flopi moja.

Kitu hicho kiliitwa Turbo Pascal. Kampuni ya Borland ilianza kukiuza mwaka 1983 kwa dola 49.95, wakati ambapo kompaila nyingi ziliuzwa kwa mamia ya dola. Kabla yake, kazi ya kuandika programu kwenye kompyuta ndogo ilikuwa ya kuchosha. Uliandika msimbo kwenye programu moja, ukatoka, ukaita kompaila, ukasubiri, mara nyingine ukabadilisha diski, kisha ukapewa orodha ya makosa uyatafute mwenyewe. Turbo Pascal iliweka yote mahali pamoja. Ulibonyeza kitufe, na ndani ya sekunde chache ama programu ilikimbia, ama kishale kilikupeleka penye kosa. Toleo lake la tatu, kompaila na mahali pa kuandikia vikiwa pamoja, halikufika hata kilobaiti 40. Kwetu sisi maana yake ilikuwa kwamba mwanafunzi alitembea na lugha nzima mfukoni mwa shati, pamoja na kazi zake zote za muhula, na mashine yoyote iliyokubali kuwaka ilitosha.

Nakumbuka usiku wa kuamkia siku za kukabidhi kazi. Tulikaa wawili wawili, watatu watatu kwenye kiti kimoja, na aliyekaa nyuma ndiye aliyekuwa wa kwanza kuliona kosa. "Kaka, panda juu kidogo, umesahau nukta mkato." Sikuwahi kumsikia mwenzangu akisifu mpangilio wa data katika Pascal, jambo ambalo Wirth alilifanyia kazi kubwa. Walichosifu ni kwamba jibu lilikuja papo hapo. Hapo nilipata somo la kwanza, ambalo halijabadilika hadi leo: mtu hakutani na lugha peke yake, hukutana nayo ndani ya zana. Aliyeiandika kompaila ile, Anders Hejlsberg kutoka Denmark, aliendelea hivyo hivyo maisha yake yote. Aliongoza kazi ya Delphi iliyotoka mwaka 1995, akahamia Microsoft na kuongoza ujenzi wa C#, kisha TypeScript iliyotoka mwaka 2012. Kila alipopita aliacha lugha iliyoshikamana na zana ya kuiandikia, na kila alipopita alipata watu.

Katika chuo hicho hicho tulikuwa na mhadhiri mwingine, aliyekuwa amesoma ng'ambo na akarudi na mapenzi makubwa ya Smalltalk. Lugha hiyo ilizaliwa miaka ya sabini katika kituo cha utafiti cha Xerox, Palo Alto, Marekani, mikononi mwa Alan Kay, Dan Ingalls, Adele Goldberg na wenzao. Alituchorea kwa chaki madirisha yanayopishana kwenye kioo, akatueleza jinsi kila kitu ndani yake kilivyo kiumbe kinachopokea ujumbe na kuujibu. Nilivutiwa sana. Hata sasa nikisoma msimbo wa Smalltalk naona akili safi ikifanya kazi. Lakini hatukuwahi kuiendesha. Matoleo mengi ya biashara yaliuzwa ghali na yalidai mashine zenye kumbukumbu ambayo maabara yetu haikuwa nayo. Mawazo yake yaliingia katika Objective-C, Java na Ruby, na kwa njia hiyo yamenifikia na kunilisha. Lugha yenyewe ilibaki ubaoni.

Wakati ule ule C ilikuwa kila mahali, na historia yake inaeleza sababu. Dennis Ritchie aliitunga katika maabara za Bell mwanzoni mwa miaka ya sabini, na mwaka 1973 mfumo wa Unix ukaandikwa upya kwa lugha hiyo. Kampuni mama, AT&T, ilikuwa imefungwa na makubaliano ya kisheria ya mwaka 1956 yaliyoizuia kufanya biashara nje ya mawasiliano. Haikuweza kuuza Unix kama bidhaa ya kawaida, kwa hiyo ilivipa vyuo vikuu kwa ada ndogo, pamoja na msimbo wake. Mwanafunzi aliyetaka kujua mfumo mzima wa kompyuta unavyofanya kazi aliweza kuusoma mstari kwa mstari, na mistari hiyo ilikuwa C. Mwaka 1978 Ritchie na Brian Kernighan wakatoa kitabu chembamba cha kuifundisha. Wanafunzi wale walipohitimu na kwenda kujenga kampuni, walikwenda nayo. Sheria iliyokusudiwa kuibana kampuni ya simu ndiyo iliyoisambaza lugha.

Kwa muda nilidhani basi mwenye nguvu akiamua, lugha hupanda. Mfano wa COBOL unaelekea huko. Mwaka 1959 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliita watengenezaji wa kompyuta na watumiaji wao wakae kutunga lugha moja ya biashara. Kazi ya Grace Hopper ilikuwa msingi mkubwa wa kilichotoka. Wizara hiyo, mnunuzi mkubwa kuliko wote, ikasema haitanunua wala kukodi kompyuta isiyokuwa na COBOL. Watengenezaji wakatii, na hadi leo benki nyingi duniani zinafunga hesabu za siku kwa msimbo wa COBOL.

Lakini wizara ile ile ilijaribu tena. Miaka ya sabini ilijikuta na mifumo iliyoandikwa kwa mamia ya lugha tofauti, ikaitisha mashindano ya kupata moja. Aliyeshinda ni kundi la Jean Ichbiah, lililofanya kazi Ufaransa, na lugha ikaitwa Ada, kwa heshima ya Ada Lovelace. Ilikuwa lugha makini, inayokamata makosa mapema, na kuanzia mwaka 1991 sheria ya bunge la Marekani iliifanya kuwa ya lazima kwa mifumo mipya ya wizara. Mwaka 1997 wizara ikaiondoa amri hiyo. Ada inaishi na inafanya kazi ya heshima kwenye ndege na treni, mahali ambapo kosa linaua, ila haikuwa lugha ya wengi. Tofauti ya mara hizi mbili naiona hivi: mwaka 1960 maofisi ya biashara yalikuwa na shida ile ile ya serikali, ya mishahara, bohari na bili, kwa hiyo amri ilikuta watu tayari wana kiu. Miaka ya themanini mtu wa kawaida alikuwa ameshapata kompyuta yake mezani, soko la jeshi halikuwa kubwa tena kuliko soko la nje, na kompaila za Ada zilichelewa na zilikuwa ghali. Amri inaweza kufungua mlango. Watu huingia kama ndani kuna wanachokihitaji, na kwa bei wanayoiweza.

Bei hiyo niliielewa vizuri zaidi kwenye intaneti kafe. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili tulilipia intaneti kwa saa, kupitia setilaiti, na kila megabaiti ilikuwa na thamani. Java ilikuwa imetangazwa na Sun Microsystems mwaka 1995 kwa kishindo, na ilitolewa bure. Lakini kuishusha kulitaka makumi ya megabaiti, na bure ya aina hiyo ilitugharimu pesa za chakula. Waliokuwa nayo waliipata kwenye CD iliyobandikwa nyuma ya kitabu, na CD hiyo ilizunguka mtaa mzima. Ukishaipata, ulihitaji seva ya kuendeshea, na seva ya Java ilikodishwa kwa bei ambayo mteja wa Kariakoo asingeikubali.

PHP ilitukuta pale tulipokuwa. Rasmus Lerdorf aliianza mwaka 1994 kama zana ndogo za ukurasa wake binafsi, akaitoa hadharani mwaka 1995. Uliandika ukurasa wa tovuti kama kawaida, kisha ukaingiza mistari michache ya PHP katikati yake. Ukaupandisha kwenye seva ya pamoja iliyokodishwa kwa dola chache kwa mwezi, ukafungua kivinjari, ukaona. Hifadhidata ya MySQL ilikuwepo kwenye seva hiyo hiyo. Kabla yake tulitumia Perl, lugha ya Larry Wall ya mwaka 1987, yenye uwezo mkubwa wa kuchambua maandishi. Lakini ili ukurasa mmoja wa Perl ufanye kazi ulipaswa kuliweka faili kwenye kabati lake maalumu, kulipatia ruhusa sahihi, na kuandika juu yake njia ya kuifikia Perl ndani ya seva. Mgeni aliishia hapo.

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa kwa PHP ilikuwa ya mwenye nyumba ya wageni Zanzibar. Alitaka watalii waone vyumba na watume maombi ya nafasi. Nilikaa naye mbele ya kompyuta ya kafe, nikapandisha faili, akajaza fomu kwa mkono wake mwenyewe, na ombi likamfikia kwenye barua pepe tukiwa bado tumekaa. "Kijana wangu," aliniambia, "hii naielewa." Hakuuliza tovuti imeandikwa kwa lugha gani. Nami nilijua kwamba lugha iliyoniwezesha kumwonyesha kitu kinachofanya kazi siku ile ile ndiyo itakayonipa mteja wa pili. Maelfu ya vijana duniani walikuwa wakigundua jambo hilo kwa wakati mmoja. WordPress, iliyotoka mwaka 2003, iliandikwa kwa PHP. Facebook ya mwaka 2004 ilianza na PHP. Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi nchini Kenya, Ushahidi ilianza kukusanya taarifa za wananchi kwenye ramani. Jukwaa lake lilipotolewa kwa umma lilikuwa la PHP, na watu wa nchi nyingine waliweza kulisimika kwenye seva za bei nafuu na kulitumia kwa majanga yao.

Mafundi wenye elimu waliilaumu PHP kwa majina ya vitendakazi yasiyofuata mpangilio na kwa mianya ya usalama iliyoachwa wazi. Lawama hizo zilikuwa na msingi, na nyingi zimerekebishwa baadaye. Nilijifunza kuzitenganisha na swali la kuenea. Kasoro ya lugha humkera anayeitumia kwa miaka. Mgeni haioni siku ya kwanza, na siku ya kwanza ndiyo inayoamua kama atarudi.

JavaScript ni ushahidi mkubwa kuliko wote. Brendan Eich aliiandika kwa siku 10 mwezi Mei 1995, akiwa Netscape, ikapewa jina linalofanana na Java kwa sababu za biashara tu. Haraka ile imeacha alama ambazo kila anayeitumia anazijua. Lakini iliwekwa ndani ya kivinjari, na vivinjari vingine vikaiga. Ukitaka ukurasa wako ujibu mguso wa mtumiaji, hapakuwa na lugha nyingine iliyosubiri upande wa pili. Objective-C, iliyotungwa miaka ya themanini, ilikaa muda mrefu na watu wachache, hadi Apple walipofungua duka la programu za iPhone mwaka 2008. Haikuwa imebadilika kuwa nzuri ghafla, simu iliibeba. Kotlin nayo ilipata kishindo mwaka 2017, Google ilipotangaza kuiunga mkono kwenye Android.

Kwetu Afrika Mashariki kulikuwa na kibebeo kingine ambacho vitabu vya historia ya kompyuta havikitaji: nyaya za baharini. Mwezi Julai 2009 SEACOM ilianza kufanya kazi, ikitua Mombasa na Dar es Salaam, na nyingine zikafuata. Mwaka huo huo Node.js ilitoka, ikaipeleka JavaScript kwenye seva. Utamaduni wa lugha za kipindi hiki ni wa kushusha maktaba kutoka mtandaoni kila unapoanza kazi. Mradi mdogo unaweza kuita mamia ya vifurushi vya watu wengine. Kwa setilaiti ya kulipia kwa saa jambo hilo lisingewezekana. Kwa nyaya liliwezekana, na ndani ya miaka michache vijana niliowafundisha walikuwa wakiandika kama wenzao wa Berlin na Bangalore.

Miaka hiyo niliitwa kushauri ofisi moja iliyotaka mfumo wa kumbukumbu za vituo vya afya. Nilipenda Ruby, lugha ya Yukihiro Matsumoto wa Japani, hasa baada ya David Heinemeier Hansson kutoa Rails, zana ya kujengea tovuti kwa lugha hiyo, mwaka 2004. Na bado naipenda, kwa sababu msimbo wake unasomeka kwa raha. Nilieleza faida zake kikaoni. Mama aliyekuwa mwenyekiti alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Nimekuelewa, kijana wangu. Sasa nijibu moja. Ukipata kazi kwingine mwezi ujao, hapa nani atashika?"

Nilimtajia wenzangu niliowajua. Wote walikuwa na kazi zao Dar.

"Na wa Java?"

"Wa Java wapo, mama. Kila chuo kinawatoa."

"Basi tuandike Java."

Nimelifikiria swali lake mara nyingi, na kila mara naliona la busara zaidi. Yeye alikuwa na dhamana ya kumbukumbu za wagonjwa kwa miaka ambayo mimi nisingekuwepo. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004 na ambao Eldoret ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza kuutumia, ni wa Java. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ulioratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na ambao Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011, ni wa Java pia, wakati toleo la kwanza la DHIS, lililozaliwa Afrika Kusini, lilijengwa juu ya Microsoft Access. Ama kuhusu mikono ya kuitunza mifumo hiyo, vyuo vilifundisha Java kwa sababu matangazo ya kazi yaliitaja, na matangazo yaliitaja kwa sababu vyuo viliifundisha. Mzunguko ukishaanza, unajiendesha. Huo ndio ugumu wa lugha mpya: inapaswa kuwa bora vya kutosha kumfanya mtu aache si lugha yake tu, bali na wenzake wote wanaomsaidia akikwama.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tunaujua mzunguko huu kwa historia yetu wenyewe. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua lahaja ya kusanifisha, Kimvita kilikuwa na ushairi mzito, pamoja na tungo za Muyaka bin Haji, na Ludwig Krapf alikuwa ameshakifanyia kazi. Kilichochaguliwa ni Kiunguja, na mwaka 1930 kamati ya lugha ikaanza kazi juu ya msingi huo. Hakikuchaguliwa kwa kuwa kitamu kuliko Kimvita. Kilikuwa kimeshatembea na misafara ya biashara hadi maziwa makuu na Kongo, kilikuwa na kitabu cha Edward Steere cha mwaka 1870 mikononi mwa waliojifunza, na kilikuwa kimeshazoeleka shuleni na ofisini Tanganyika. Njia, kitabu na watu: mambo hayo matatu ndiyo yaliyoibeba C pia. Nikiwaeleza wanafunzi wangu hivi, hawahitaji maelezo zaidi.

Kuna lugha moja inayonipa moyo kwa sababu ilipanda polepole. Guido van Rossum alianza Python likizo ya Krismasi ya mwaka 1989, Amsterdam, akaitoa mwaka 1991. Kwa miaka mingi ilikuwa lugha ya pembeni, inayosifiwa kwa usafi wake na kulaumiwa kwa mwendo wake. Mwaka 1995 Jim Hugunin akaiandikia maktaba ya hesabu za namba nyingi kwa pamoja. Mwaka 2006 Travis Oliphant akatoa NumPy, iliyounganisha juhudi zilizokuwa zimegawanyika. Wanasayansi wakaanza kuihamia: wataalamu wa nyota, wa hali ya hewa, wa vinasaba. Hawa hawakuwa waandishi wa programu, na hawakutaka kuwa. Walitaka lugha inayosomeka, huku kazi nzito ikifanywa chini yake na msimbo wa C, na hata wa Fortran, lugha ambayo John Backus na wenzake wa IBM waliitoa mwaka 1957. Kwa hiyo mashine zinazojifunza zilipoanza kufanya maajabu, watafiti wake walikuwa tayari kwenye Python. Maktaba ya TensorFlow ilipotolewa mwaka 2015, ikafuatiwa na PyTorch, hapakuwa na mjadala mrefu. Watu walisema Python imepanda ghafla. Waliokuwa wakiandika maktaba zake bila malipo kwa miaka ishirini wanajua vingine.

Python na Perl zilipata mtihani unaofanana, wa kuvunja yaliyopita ili kujirekebisha. Perl 6 ilitangazwa mwaka 2000, ikatoka mwaka 2015, ikawa tofauti kiasi kwamba mwaka 2019 ilipewa jina jingine, Raku. Miaka yote hiyo mgeni aliyeuliza ajifunze Perl ipi hakupata jibu la kumridhisha. Python 3 ilitoka mwaka 2008, na Python 2 ikaendelea kutunzwa hadi mwaka 2020 ili wenye msimbo wa zamani wahame na mizigo yao. Kuhama kulikuwa na manung'uniko mengi, lakini hakuna aliyeachwa njiani bila taarifa. Watu huvumilia mabadiliko. Wasichovumilia ni kusubiri bila kujua.

Sasa vijana wangu wanaandika wakisaidiwa na akili bandia. Mashine hizo zimejifunza kutokana na msimbo ulioandikwa na watu, kwa hiyo zinasaidia vizuri zaidi pale ulipo mwingi. Naona hapo nguvu mpya ya kuongeza umbali kati ya lugha kubwa na ndogo, na ni sababu ya kuandika zaidi kwa lugha tunazozipenda, waziwazi, mahali ambapo wengine wanaweza kusoma.

Kwa kijana anayechagua, nina ushauri wa wazi. Kwanza amua unataka kumwonyesha nani kitu gani, kisha chagua lugha inayokufikisha kwake kwa haraka, kwenye mashine uliyonayo leo, mahali ambapo kuna mtu wa kumuuliza ukikwama saa nne usiku. Lugha hiyo mara nyingi itakuwa moja ya zile zenye watu wengi, na hakuna aibu ndani yake. Ukishapata riziki, jifunze nyingine isiyo na watu, kwa ajili ya akili yako. Smalltalk ya ubaoni haijawahi kunilipa shilingi, lakini imenifundisha kupanga kila programu niliyolipwa.

Na kwa wanaojenga, nasema hili kwa moyo wote. Ipo lugha ya programu iitwayo Nuru, inayotumia maneno ya Kiswahili na ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Nikiitaja darasani, wengine hunijibu kwamba haitafika mbali kwa sababu dunia inaandika kwa Kiingereza. Historia niliyoieleza haisemi hivyo. Inasema itafika mbali ikiwa mwalimu wa sekondari ataweza kuifungua kwenye simu bila kusimika chochote, ikiwa ataandikiwa kitabu chembamba chenye mazoezi anayoyaelewa, ikiwa kosa la mwanafunzi litaelezwa kwa sentensi inayomsaidia kulisahihisha, na ikiwa mwanafunzi huyo ataweza kutengeneza kitu kidogo na kumwonyesha mama yake jioni ile ile. Kila moja ya kazi hizo inawezekana kwa watu wachache wenye subira, nyingi hazihitaji mtaji, na hakuna hata moja inayohitaji ruhusa ya mtu yeyote.